Riwaya za Wanaoanza Maisha

Mwaka 2009 kampuni ya uchapishaji ya St. Martin's Press ya Marekani ilitangaza kwamba inatafuta riwaya zinazowahusu watu waliokwisha kuvuka umri wa shule lakini bado hawajajipata kimaisha: wanaosaka kazi, wanaopanga chumba cha kwanza, wanaopenda na kuachwa. Tangu hapo aina hiyo imepata jina lake na rafu yake madukani. Kwetu Tanzania rafu hiyo haipo, na ni rahisi kudhani kwamba hata hadithi zenyewe hazipo. Zipo, tena za siku nyingi. Tunachokosa ni njia ya kuzifikisha kwa msomaji akishaondoka shuleni.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alichapisha riwaya ya Rosa Mistika mwaka 1971. Rosa anapigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Anapokwenda kusoma mbali na fimbo ile, anakutana na uhuru ambao hakuna aliyemfundisha kuutumia. Mwaka 1999 Adam Shafi akatuletea Yasmin wa Vuta N'kuvute, msichana anayemkimbia mume mzee aliyechaguliwa na wazazi. Hayo ndiyo mambo ya mtu anayeanza maisha. Ila soko letu la vitabu linaishi kwa kutegemea shule. Watoto wa Mama Ntilie cha Emmanuel Mbogo, chenye wahusika wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada, kimesomwa kwa miaka mingi na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Vuta N'kuvute kimewasubiri wachache wanaofika kidato cha tano na kusoma Kiswahili. Kijana wa Sapiwi, wilayani Bariadi, aliyeishia kidato cha nne na kurudi shambani kulima pamba, anakatiwa vitabu wakati uleule anapoanza kukutana na maswali ya Rosa na Yasmin.

Wapo wanaosema vijana hawapendi kusoma. Kama ni kweli, basi magazeti ya Global Publishers yaliyobeba hadithi za Eric Shigongo, toleo hadi toleo, yalikuwa yakinunuliwa na nani? Leo hadithi za aina hiyo zimehamia Facebook na WhatsApp. Mwandishi anaweka sehemu chache bure, anakata pale mlango unapogongwa usiku, anaandika "itaendelea", kisha anaweka namba ya kulipia zilizobaki. Mtu anayetoa salio lake ili ajue nani kagonga mlango hawezi kuitwa adui wa kusoma. Hoja nyingine ni kwamba mtu mzima asome kitabu chochote, hahitaji chake peke yake. Ni kweli hakatazwi. Lakini mchapishaji asiyemhesabu msomaji huyu hampangii bei anayoimudu wala hampelekei kitabu alipo.

Hoja nzito zaidi ni ya maadili, maana hadithi nyingi za simu zimejaa mapenzi yasiyo na kichwa wala miguu. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake si marufuku. Rosa Mistika yenyewe iliwahi kuzuiwa shuleni, nayo leo inahesabiwa miongoni mwa riwaya kuu za Kiswahili. Hadithi dhaifu zinastawi kwa sababu zilizo bora hazifiki. Basi wachapishaji wajifunze kwa wauza hadithi wa simu: wazigawe riwaya nzuri katika vijitabu vyembamba vya bei ndogo, wauze sehemu kwa sehemu kwa malipo ya simu, na wapeleke nakala minadani msimu wa pamba, fedha inapokuwa mikononi mwa watu. Wasomaji wamekwisha kuonyesha kwamba wako tayari kulipa. Mchapishaji anayesubiri oda ya shule anawaachia wengine soko hilo.