Tulikosa pesa za skripti, tukatunga mchezo wetu wenyewe

Kama umewahi kuwa kwenye kilabu ya drama katika shule ya upili, unaijua wiki ile ya kwanza ya muhula wa kwanza. Mwalimu mlezi anaingia na bahasha ya kaki. Ndani kuna skripti. Nani ameiandika? Hujui. Msee fulani wa Nairobi au Kisumu ambaye shule imemlipa. Kazi yako ni kukariri tu.

Sisi bahasha haikuja.

Yetu ilikuwa shule ya kutwa, wavulana kwa wasichana, upande wa Nyamira, si mbali na Keroka, ule mji ambao kipande kiko Kisii na kingine Nyamira. Mwaka ulikuwa 2017, nami nilikuwa kidato cha tatu. Mtunzi ambaye tuliambiwa "anajua kushinda" aliitisha pesa ambazo shule haikuwa nazo. Mwalimu akatuangalia, akasema basi tutunge wenyewe. Tulidhani anatubeba.

Alituketisha kwa duara kwenye maabara na kutupa zoezi moja. Kila mtu asimulie jambo ambalo watu wazima wa kijijini kwao hulizungumzia kwa sauti ya chini. Sheria ilikuwa moja: usitaje jina la mtu.

Raundi ya kwanza ilikuwa vichekesho. Kuku wa jirani aliyepotea, mzee wa kanisa na mpango wake wa kando. Halafu ikafika zamu ya msichana mmoja ambaye hakuwa msemaji. Akasema kwao kuna nyanya ambaye watoto wamekatazwa kunywa maji kwake. Akanyamaza hapo.

Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Ukikulia Gusii unajua. Mwanamke mzee, macho mekundu kwa moshi wa jikoni, anaishi peke yake kwenye shamba zuri. Mtoto wa jirani akishikwa na homa usiku, jina linatajwa. Omorogi, mchawi. Mwaka 2008, tukiwa watoto wa shule ya msingi, zaidi ya watu 10 walichomwa hadi kufa huku kwetu kwa tuhuma hizo. Tulisikia wazazi wakiongea, wakituona wananyamaza.

Mchezo wetu ulitokea hapo.

Hatukuandika chochote mwanzoni. Mwalimu alikuwa anatupa hali tu: mpwa anataka shamba, mtoto ni mgonjwa, majirani wamekutana dukani. Tunaigiza papo hapo, bila maneno ya kukariri. Mmoja wetu ameshika daftari, anaandika yale tu yaliyosikika kama ya kweli. Mengine tunatupa. Baada ya wiki tatu daftari likawa skripti.

Mimi nilikuwa mpwa. Siku ya kwanza niliingia nikipiga kelele na kucheka kile kicheko cha wabaya wa filamu za Nigeria. Darasa likafurahi. Yule msichana akatikisa kichwa, akaniambia, "Hawapigi kelele. Wanaanza kwa kusalimia."

Nikarudi nje, nikaingia tena. "Bwakire, magokoro." Nikaketi. Nikaomba chai. Nikamuuliza nyanya kuhusu mguu wake unaouma, huku macho yangu yakihesabu migomba. Maabara ikawa kimya. Hata mimi niliogopa.

Sasa niambie, ni mtunzi gani wa kulipwa angejua hilo? Siwadharau watunzi hao. Wanatafuta riziki kama sisi, na wengine wamekuza vipaji kibao. Lakini mtu anayeandikia shule tano kwa msimu mmoja hawezi kujua mpwa wa kwenu huingia vipi nyumbani.

Na hii si mbinu ya ajabu kutoka ng'ambo. Mwaka 1977 kule Kamiriithu, Limuru, wakulima na vibarua walikaa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, wakasahihisha lugha ya mchezo, wakaongeza nyimbo na maisha yao. Serikali iliusimamisha baada ya wiki chache, na Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa siku ya mwisho ya mwaka huo. Mchezo ambao watu wamejitungia huwa na nguvu. Wakubwa wanajua hilo kuliko sisi.

Tulifika wapi? Si mbali. Tulipita kaunti ndogo, tukaangukia kwenye kaunti. Eneo la Nyanza tulilisikia kwa wengine, kitaifa ndiyo usiseme. Jaji alisema mwisho wetu haukueleweka, kwa sababu tuliwaacha majirani wamesimama na kiberiti bila kuonyesha kama kiliwashwa.

Lakini kabla ya hapo tuliigiza shuleni, mbele ya wazazi. Mwanzoni walicheka. Nilipoomba chai, kicheko kikakatika. Kesho yake mama mmoja wa jikoni alimwambia mwalimu kwamba tumekosea jambo moja. Wanaokuja usiku, alisema, si wageni. Ni watu ambao mmekula nao matangani. Hakuongeza neno, akarudi kwa sufuria zake.

Oktoba 2021 nilikuwa Nairobi, nimeshaacha chuo kwa sababu ya karo, nikisukuma siku na vibarua vya mtandaoni. Simu ikaleta habari: wanawake wanne wazee wameuawa Marani, Kaunti ya Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Niliwaza kuhusu kile kiberiti. Sidai mchezo wetu ungewaokoa. Ninachosema ni kwamba watoto wa sare, miaka minne kabla, walilijua jambo hilo na walilisema jukwaani kwa sauti ya kawaida. Hicho ni kitu.

Mwaka jana nchi nzima ilizungumzia drama kwa sababu ya Butere Girls. Mchezo wao, Echoes of War, uliandikwa na aliyekuwa seneta wa Kakamega, Cleophas Malala. Ilibidi Mahakama Kuu iamuru waruhusiwe kuuigiza. Aprili 2025 walifika Nakuru, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza, na polisi wakarusha vitoa machozi. Watu wazima walibishana kama mwanasiasa anawatumia wasichana. Mimi nilikuwa na swali lingine: wasichana wenyewe wangepewa daftari tupu, wangeandika nini?

Ukitunga mwenyewe, hakuna anayeweza kusema umetumwa. Lakini pia hakuna wa kukusitiri, lawama zote ni zako. Ndiyo maana ile sheria ya mwalimu ya kutotaja majina ilikuwa na maana. Yule msichana hakuulizwa kamwe kama nyanya huyo alikuwa wake. Mpaka leo sijui, na si kazi yangu kujua.

Tamasha hili limekuwepo tangu 1959. Na Januari mwaka huu kundi la kwanza la Gredi 10 limeingia sekondari ya juu, ambapo sanaa na michezo ni mkondo kamili, na uigizaji na filamu ni somo, ingawa si kila shule inalo. Itakuwa aibu somo liwe ni la kukariri bahasha ya kaki.

Kwa hivyo wewe uliye kwenye kilabu ya drama huko Nyamira, Ogembo, Suneka au Kebirigo, msimu ujao bahasha isipokuja msilie. Kaeni kwa duara. Mmoja ashike daftari. Anzeni na lile jambo ambalo nyumbani huzungumzwa mkishalala.

Kombe hatukupata. Daftari letu ninalo bado. Lina doa la chai kwenye ukurasa wa mpwa, na mwisho wake bado hatujauandika.