Jiko Bora ni Lile Linalopikiwa

Bugeshi, katika wilaya ya Rubavu, ni nchi ya baridi. Iko chini ya mlima Karisimbi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, na wakazi wake hulima viazi na maharage katika udongo wa volkano. Ifikapo jioni, moshi hupanda kutoka katika majiko yao. Moshi huo unawahusu askari wa jeshi na wa polisi kuliko wengi wao wanavyodhani.

Ng'ambo ya mpaka iko Hifadhi ya Virunga. Kati ya mwaka 1994 na 1996 mamia ya maelfu ya wakimbizi walipiga kambi kandokando yake, na kuni zao zilitoka katika msitu huo. Baadaye makaa, ambayo watu wa Goma huyaita makala, yakawa biashara ya vikundi vyenye silaha. Mwezi Julai 2007 gorila kadhaa waliuawa huko kwa risasi, na mauaji hayo yakahusishwa na biashara hiyo hiyo. Walinzi wa hifadhi zaidi ya 200 wameuawa kwa miaka mingi wakiwa kazini. Ni dhahiri, basi, kwamba jiko linalopunguza makaa ni jambo la usalama kama lilivyo jambo la mapishi.

Hapana budi kuuliza: ikiwa faida yake ni kubwa kiasi hicho, kwa nini majiko mengi yaliyobuniwa na wataalamu yaliishia uani, yakawa viota vya kuku?

Jibu halihitaji elimu kubwa. Mtaalamu hulijaribu jiko lake kwa kuchemsha maji katika chumba cha majaribio, naye hufurahi maji yanapochemka upesi. Lakini mama wa Bugeshi hachemshi maji matupu. Hupika maharage kwa saa nyingi, katika chungu kikubwa, na moto huo huo huwapasha joto watoto wake usiku wa baridi. Jiko linalopika vizuri lakini halitoi joto nyumbani limemwondolea kitu ambacho mtaalamu hakukihesabu. Akirudi kwenye mafiga matatu, watu husema mama huyu hapendi maendeleo. Kumbe yeye ndiye ajuaye kazi ya moto ule. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Mfano ulio wazi wa kazi iliyofanywa kwa njia iliyo sawa ni jiko la udongo na bati la Kenya. Mwezi Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mjini Nairobi kuhusu nishati mpya, na miaka hiyo Wakenya walikwenda Thailand kutazama majiko ya ndoo yaliyokuwa yakitumika huko. Hata hivyo jiko la Thailand halikuchukuliwa jinsi lilivyo. Katika majiko ya kwanza udongo wa kuchomwa ulijaza bati lote tangu juu hadi chini. Lilikuwa zito, na kwa kuwa udongo na bati havitanuki sawasawa kwa joto, udongo ulipasuka. Wanawake waliolitumia walieleza kasoro zake, na mafundi wakarudi kazini.

Umbo jipya likawa jembamba kiunoni, pana juu na pana kitakoni. Udongo ukabaki nusu ya juu tu, mahali penye moto. Kitako kipana kilikuwa na maana yake, kwa sababu anayesonga ugali huisukuma sufuria kwa nguvu, na jiko lenye kitako chembamba humpindukia. Mafundi wa Shauri Moyo, Nairobi, walilitengeneza kwa nyundo na bati walizokuwa nazo tayari, na kwa kushindana wao kwa wao bei ikashuka sana. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 majiko hayo yalikuwa yameenea mamia kwa maelfu, na mfano wake ukaingia Uganda, Rwanda na nchi nyingine.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Katika mji wa Gisenyi, wilayani humo humo Rubavu, kampuni ya Inyenyeri ilianza kazi mnamo mwaka 2010. Iliwapa watu jiko lenye feni ndogo, lisilo na moshi mwingi, kisha ikawauzia vipande vya kuni zilizosagwa na kushindiliwa. Watu wa vijijini waliweza kuleta vijiti na kupewa vipande hivyo. Kampuni ilijaribu zaidi ya aina moja ya jiko, ikafundisha wapishi majumbani na kuyatengeneza majiko yaliyoharibika. Walakini mwaka 2020 ilifungwa kwa kukosa mtaji. Jiko lake lilitegemea vipande vya kiwandani, na kiwanda kilitegemea fedha nyingi. Jiko la Kenya lilihitaji fundi wa mtaani tu. Hapa liko funzo kwamba mtumiaji wa chombo si mpishi peke yake. Yumo pia anayekitengeneza kikiharibika, na yumo anayelipa.

Askari hawana haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili. Mnamo miaka ya 1965 na 1966 jeshi la Marekani lilipeleka Vietnam bunduki ya M16. Baruti ya risasi zake ilikuwa imebadilishwa, na askari wengi hawakupewa vifaa vya kuisafishia, kwa kuwa ilidhaniwa haihitaji kusafishwa sana. Bunduki zilikwama vitani na watu wakafa. Mwaka 1967 kamati ya Bunge la nchi hiyo ilichunguza malalamiko ya askari, na bunduki ikarekebishwa: chemba ikapakwa kromu na vifaa vya kusafishia vikatolewa. Aliyeijua kasoro kwanza alikuwa askari aliyelala nayo katika tope.

Majeshi ya Rwanda hushiriki pamoja na wananchi katika umuganda na katika kazi nyingine za maendeleo. Askari anayepeleka kitu kijijini, kiwe jiko, bomba la maji au taa, na aanze kwa kuketi na kutazama jinsi watu wanavyoishi. Apeleke kichache kwanza. Arudi baada ya mwezi bila kutangaza safari yake, aone kama kinatumika au kimewekwa pembeni. Kikiwa pembeni, asimlaumu mwananchi; amwulize sababu, kisha akirekebishe. Kurudi kurekebisha si aibu. Aibu ni kuhesabu majiko yaliyogawiwa na kuyaita ushindi, huku mafiga yanaendelea kuwaka na msitu wa Virunga unaendelea kuteketea.