KAZI IPI ITANGULIE?



Vijiji vingi vinajenga madarasa kwa nguvu za wananchi. Watu wanajitokeza, majembe yapo. Lakini mara nyingine kuta zinasimama na bati bado halijapatikana. Mvua nayo haipigi hodi. Udongo kati ya matofali unalainika, kuta zinabomoka. Jasho la watu linapotea bure.

Tufanyeje? Tupange kazi mapema. Andikeni kila kazi kwenye karatasi. Kisha jiulizeni maswali mawili: Itachukua siku ngapi? Kazi ipi lazima iishe kabla hii haijaanza?

Tuchukue mfano wa darasa moja:

1. Kufyatua matofali: siku 8.
2. Kuyakausha: siku 14.
3. Kuyachoma na kuyapoza: siku 8.
4. Kuchimba na kujenga msingi wa mawe: siku 15.
5. Kutafuta mbao na bati: siku 25.
6. Kujenga kuta: siku 20.
7. Kupaua na kuezeka: siku 10.

Tukijumlisha zote tunapata siku 100. Je, tutahitaji siku 100? Hapana. Kazi za 1, 4 na 5 zinaweza kuanza siku moja, kila moja na kikundi chake.

Sasa choreni mishale kutoka kazi hadi kazi. Mtaona njia tatu:

Matofali, kukausha, kuchoma, kuta, paa: siku 60.
Msingi, kuta, paa: siku 45.
Mbao na bati, paa: siku 35.

Njia ndefu ndiyo inayoamua siku ya kumaliza. Tukianza tarehe 1 Agosti, tutamaliza mwishoni mwa Septemba, kabla ya mvua za vuli. Lakini kuni za kuchomea matofali zikichelewa siku 5, darasa zima litachelewa siku 5.

Msingi ni tofauti. Hata ukichelewa siku 5 hakuna hasara, kwa sababu matofali yatakuwa bado hayajawa tayari. Basi tusigombane mkutanoni juu ya msingi huku kuni zimesahauliwa!

Je, tukiongeza watu? Wakiongezwa kwenye msingi, siku ya kumaliza haibadiliki. Wakiongezwa kwenye kufyatua, siku 8 zinaweza kuwa 4, na darasa zima litakwisha siku 4 mapema. Lakini kukausha hakuongezewi watu. Tofali bichi likiingia tanuruni linapasuka. Haraka haraka haina baraka.

Hesabu hii inatumika hata kwenye kazi kubwa. Mwaka 1957 wataalamu wa kampuni ya DuPont, huko Marekani, walikuwa wakiitengeneza kwa ajili ya kazi za viwanda. Sisi kalamu na karatasi vinatutosha.

ZOEZI: Kijiji chenu kinataka kujenga nini mwaka huu? Andikeni kazi zake na siku zake. Choreni mishale. Njia ipi ni ndefu kuliko zote? Nani atailinda?