Dawa ya kuku inavyoweza kuharibu soko la chaza

BAHARI inapokupwa, akina mama wa Fumba, Bweleo na vijiji vingine vya pwani ya Unguja huingia ufukoni na ndoo zao kuokota kombe na chaza. Hawanunui mbegu wala chakula cha kulishia. Mtaji wao mkubwa ni maji ya bahari, na mtaji huo sasa unahitaji ulinzi.

Chaza hula kwa kuchuja maji. Chaza mmoja mkubwa wa aina inayofugwa pwani ya mashariki ya Marekani anaweza kuchuja hadi lita 190 kwa siku. Anapobakiza chakula, hubakiza pia bakteria waliomo majini. Ndiyo maana nyama yake huweza kuwa na bakteria wengi kuliko maji yanayomzunguka.

Baadhi ya bakteria hao, kama Vibrio, ni wenyeji wa bahari. Wengine, kama E. coli na Salmonella, hutoka nchi kavu kwenye vinyesi vya watu na mifugo. Linalotia wasiwasi zaidi ni usugu, yaani bakteria wasiokufa kwa dawa za antibaotiki. Mbaya zaidi, bakteria sugu huweza kumpa mwenzake usugu huo, hata kama si wa jamii moja. Duniani kote, watu wanaokadiriwa kufikia milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 kutokana na maambukizi ya bakteria sugu.

Usugu huo mara nyingi huanzia mbali na bahari. Mfugaji anaona kuku wamezubaa, anakwenda duka la pembejeo kununua oksitetrasaiklini bila kumwuliza mtaalamu wa mifugo, kisha anawapa kwa kukisia na kuacha baada ya siku mbili. Bakteria dhaifu hufa, wenye nguvu hubaki na kuzaana. Mvua ikinyesha, samadi husombwa hadi mtoni, na mto humwaga baharini.

Mgonjwa anayekatisha dozi naye hufanya kosa hilo hilo. Aidha, katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Mombasa na Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa miaka mingi maji taka yamekuwa yakiingia baharini bila kusafishwa ipasavyo.

Kwa mfanyabiashara, hili si suala la afya peke yake. Mwishoni mwa mwaka 1997, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu, ugonjwa unaoletwa na bakteria wa jamii ya Vibrio. Zuio lilidumu hadi katikati ya mwaka 1998, na hasara yake ikawafikia wavuvi wa sangara wa Ziwa Victoria. Mwaka 2002, China nayo ilifungiwa mazao yake ya mifugo na kamba baada ya mabaki ya dawa ya kloramfeniko kugunduliwa.

Ulaya, chaza huuzwa moja kwa moja wakiwa hai endapo wametoka kwenye maji ambayo sampuli zake kwa kawaida hazizidi E. coli 230 katika gramu 100 za nyama. Hata hivyo, hesabu hiyo haitofautishi bakteria sugu na wasio sugu. Kinga ya uhakika ni kuzuia uchafu kabla haujafika baharini.

Muokotaji aepuke sehemu zilizo karibu na mifereji ya maji taka na milango ya mito, hasa baada ya mvua kubwa. Mazao yawekwe kivulini na kwenye barafu mapema, kwa kuwa Vibrio huzaana haraka penye joto. Chaza na kombe wachemshwe mpaka wafunguke, kisha waendelee kuchemka kwa dakika 3 hadi 5. Wasiofunguka watupwe. Moto huua bakteria sugu sawa na wengine, kwani usugu wao ni wa dawa. Ndimu peke yake haitoshi, na kisu kilichofungulia chaza wabichi kisikate kachumbari kabla ya kuoshwa.

Mfugaji naye anahusika. Kideri, au mdondo, huletwa na virusi na hauponi kwa antibaotiki. Kinga yake ni chanjo. Dawa inapolazimu, itolewe kwa ushauri wa mtaalamu, dozi ikamilishwe, na mayai na nyama visiuzwe mpaka siku zilizoelekezwa zipite. Mfugaji huyo akiokoa fedha za dawa isiyo na kazi, anamwokolea na mama wa Fumba mtaji wake.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mnunuzi akishaogopa chaza wa ufuko mmoja, hatauliza wa ufuko wa pili wametoka wapi.