Kiwiko Kinauma, Mbona Mtaalamu Anashika Shingo?

Miongoni mwa malalamiko yanayokifikia Kitengo cha Mawasiliano cha Halmashauri kutoka katika kata zetu, lipo moja ambalo mwanzoni nilidhani ni mzaha. Mama mmoja anayepika chapati sokoni alifika Hospitali ya Wilaya akisumbuliwa na maumivu ya kiwiko cha mkono wa kulia. Alielekezwa chumba cha fiziotherapia. Mtaalamu alimlaza kitandani, akamshika shingo kwa muda, kisha akawa anamkunja na kumkunjua kifundo cha mkono. Kiwiko chenyewe kiliguswa kidogo tu. Mama aliondoka akisema, "Nimekwenda na kiwiko, nimetibiwa shingo," na siku ya pili aliyopangiwa hakurudi. Alitafuta sindano kwingineko, akapata nafuu ya haraka, akarejea kwenye unga wake. Baada ya miezi michache maumivu yalirudi, naye akashindwa hata kuinua sufuria ya chai.

Kwa kuwa si yeye peke yake aliyekatisha tiba kwa sababu hiyo, nimeona ni vyema makala haya yaeleze kile ambacho mtaalamu hufanya na sababu ya kukifanya.

Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, ambacho baadhi yetu hukiita kisugudi, hujulikana kwa jina la kiwiko cha tenisi. Jina hilo hupotosha, kwani wengi wanaoumwa hawajawahi kushika raketi. Runge, daktari wa Ujerumani aliyeyaandika maumivu haya mwaka 1873, alikuwa akizungumzia watu walioumia kwa kuandika. Jina la tenisi lilikuja miaka ya 1880, mchezo huo ulipokwisha kuenea Uingereza. Kwetu huwapata zaidi watu wenye umri wa kati ya miaka 35 na 55 ambao kazi yao ni kushika, kukaza na kuzungusha: mkulima na jembe lake, fundi na nyundo, mkamuaji wa ng'ombe, mfuaji wa nguo, msukumaji wa chapati.

Kuhusu kifundo cha mkono, msomaji anaweza kujionea mwenyewe. Weka kiganja cha kushoto juu ya msuli ulio chini kidogo ya kiwiko cha kulia, upande wa nje. Kisha kunja ngumi ya kulia na uinyanyue juu, kama afanyavyo mwendesha bodaboda anapoongeza mwendo. Utahisi msuli unajikaza chini ya kiganja chako karibu na kiwiko, ilhali kilichosogea ni kifundo cha mkono. Msuli huo umejishikiza kwa kano kwenye kinundu cha mfupa wa kiwiko, ukateremka hadi nyuma ya kiganja, nyuma ya kidole cha kati. Kila tunapokaza mpini, kifundo hutegemea msuli huo ili kisilegee. Kifundo kikiwa kimekakamaa, au kikifanya kazi kikiwa kimepinda siku nzima, mzigo huishia kwenye ile kano ya kiwikoni. Ndiyo sababu mtaalamu hukamata mfupa mdogo ulio upande wa kidole gumba, akausukuma huku akikinyanyua kifundo, mara kadhaa, ili kukirudishia wepesi wake. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio la tiba hiyo ya kifundo kwa watu wenye kiwiko cha tenisi. Waliotibiwa hivyo walipata nafuu mapema kuliko waliopewa tiba nyingine za viungo. Lakini wagonjwa walikuwa takriban 30 tu, na watafiti wenyewe waliliita jaribio la awali. Ni busara kulichukua kwa kiasi hicho.

Shingo nayo ina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mishipa ya fahamu inayohudumia kiwiko na misuli yake hutoka kwenye uti wa mgongo katikati ya pingili za chini za shingo, zile za tano, sita na saba. Mshipa ukibanwa pale juu, mtu huweza kusikia maumivu kiwikoni pasipo kiwiko kuwa na hitilafu yoyote, kama vile taa ya nyumbani inavyofifia kumbe tatizo liko kwenye nguzo ya barabarani. Mtaalamu asiyepima shingo anaweza kukitibu kiwiko kisicho na kosa kwa miezi mitatu.

Sababu ya pili inashangaza zaidi. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichapisha matokeo ya watu 15 wenye kiwiko cha tenisi waliosogezwa shingo pole pole kuelekea upande. Mara baada ya kufanyiwa hivyo, viwiko vyao vilistahimili kubonyezwa zaidi, na wakaweza kukaza mkono kwa nguvu kubwa zaidi kabla ya kusikia maumivu. Inaaminika kuwa mjongeo huo huufanya mfumo wa fahamu upunguze ukali wa taarifa za maumivu zinazotoka mkononi. Nafuu ya namna hiyo haiponyi kano. Humpa mgonjwa nafasi ya kufanya mazoezi ambayo bila hiyo yangemshinda, na mazoezi ndiyo sehemu kubwa ya tiba.

Zoezi la kawaida ni hili: mkono unalazwa mezani, kiganja kikitazama chini na kuning'inia nje ya ukingo, chupa ya maji ya nusu lita ikiwa imeshikwa. Mkono mwingine husaidia kuinyanyua chupa, kisha mkono unaouma huishusha wenyewe, taratibu. Idadi ya marudio hupangwa na mtaalamu kwa kila mtu. Maumivu kidogo yanaruhusiwa. Makali yanayobaki hadi asubuhi ni ishara kwamba uzito umezidi. Haya hudumu kwa wiki kadhaa, na hapa ndipo wengi hukata tamaa.

Sasa turudi kwenye sindano. Mwaka 2006 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha utafiti uliofanyika Brisbane, Australia, kwa watu 198. Baada ya wiki sita waliochomwa sindano ya steroidi ndio waliokuwa na nafuu kubwa kuliko wote, lakini katika kila 100 waliofanikiwa, 72 walirudiwa na maumivu baadaye. Waliopata tiba ya mikono na mazoezi hawakurudiwa kwa kiwango hicho. Haki inatulazimu kuongeza kuwa, mwaka ulipotimia, hata waliosubiri tu bila tiba walikuwa wamepona kwa wingi. Mtu anaweza kuuliza, basi kwa nini nisisubiri? Anayeweza kuupumzisha mkono na asubiri. Msimu wa kulima, hata hivyo, haumngoji mtu mwaka mzima.

Jambo moja halina mjadala. Kusogezwa shingo ninakokueleza hapa hufanywa polepole na mtu aliyesomea, baada ya kukuhoji na kukupima. Si kule kunyongwa shingo hadi ilie "ka!" ambako baadhi ya vinyozi hukutoa kama nyongeza baada ya kunyoa. Kwa nadra, mnyongo wa ghafla huweza kuchana mshipa wa damu unaokwenda kwenye ubongo na kusababisha kiharusi. Kataa, hata kama ni bure.

Mwenye maumivu aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, apewe barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya. Mwenye kadi ya bima aulize dawati la bima kabla ya kupangiwa siku, kwa kuwa mahudhurio huwa kadhaa. Avae nguo yenye shingo pana na mikono mifupi. Asisubiri rufaa ya kawaida bali awahi hospitali mtu ambaye mkono umekufa ganzi au unaangusha vitu, aliyeanguka, ambaye kiwiko kimevimba na kuwa cha moto pamoja na homa, au ambaye maumivu ya mkono yameambatana na kubanwa kifua.

Mtaalamu akikuuliza kuhusu jembe lako, usishangae pia. Mpini mwembamba hulazimisha mkono kukaza zaidi, na mara nyingine ushauri wa kwanza ni kuuviringishia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Mama wa chapati, ambaye amekubali kurudi, ameambiwa amwachie binti yake kazi ya kukanda kwa wiki sita, yeye ashike kijiko cha kugeuzia kwa mkono wa kushoto.