Waya Ulio Nyuma ya Mashine

Baba mwenye karakana nyumbani aijua thamani ya mashine ya umeme. Ubao uliotaka zamani nusu siku ya randa na jasho, leo wanyoka kabla chai haijapoa. Mwaka 1895 kiwanda cha Fein cha Stuttgart, nchini Ujerumani, kilitengeneza mashine ya kutoboa ya umeme iliyoshikwa mkononi. Tangu hapo ndugu zake wameenea dunia nzima, hata katika viwanja vya Bukavu na Lubumbashi, ambako fundi hufanya kazi hatua chache tu kutoka jiko la mama na mkeka wa watoto. Ndiyo sababu tunaileta habari hii katika gazeti la jamaa. Kiwandani kuna msimamizi. Nyumbani msimamizi ni baba mwenyewe, na mara nyingi msaidizi wake ni kijana wake.

Wengi hudhani ya kuwa umeme wa nyumbani ni mdogo, na kwamba ule wa nguzo kubwa peke yake ndio uuao. Sivyo. Mashine ya kutoboa ya wati 600, ikitumia umeme wa volti 220, hunywa karibu ampea 2.7. Ligawanyeni sasa ampea moja katika sehemu 1,000. Sehemu 10 hivi zikipita mkononi, vidole hujifunga wenyewe juu ya kitu kilichoshikwa, wala mtu hawezi kukiacha. Sehemu 30 zikipita kifuani zaweza kuikaza misuli ya pumzi. Basi mashine hiyo ndogo hutumia kama mara 90 ya umeme uwezao kumwua aliyeishika. Ngozi kavu huuzuia kwa kiasi. Jasho, au miguu mitupu juu ya udongo wenye maji, huufungulia njia.

Wala fyuzi isitutulize. Fyuzi ya ampea 16 yalinda nyaya zisiwake moto, haimlindi mtu. Kimlindacho mtu ni kifaa kingine, kile kinacholinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi, na kinachokata papo hapo kikiona pungufu la zile sehemu 30. Mwulizeni fundi wenu wa umeme kama kimo nyumbani mwenu. Kina gharama, ni kweli. Lakini tukiulizwa kipi kitangulie kununuliwa, kifaa hiki au mashine ya pili, tutajibu bila kusita: kifaa hiki.

Iko desturi moja mbaya ambayo yafaa kuisema wazi. Fishi ikivunjika, mtu huzichuna nyaya mbili, akazitia uchi ndani ya prizi na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Mtoto wa miaka mitatu akizivuta, nani atamlaumu mtoto? Wengine hukata waya wa tatu, ule wenye rangi ya kijani na manjano, kwa kuwa prizi yao haina mahali pake. Waya huo ndio uupelekao umeme ardhini mwili wa mashine unapoharibika. Ukiukata, wewe mwenyewe wawa njia ya kwenda ardhini. Mashine zenye alama ya mraba ndani ya mraba hazina waya huo, kwa maana zimekingwa mara mbili, lakini hata hizo haziwezi kunyeshewa. Na waya wa kuongezea uliozungushwa kwenye gurudumu lake, ukunjueni wote kabla ya kazi nzito, maana ukibaki umekunjwa hupata joto hata ngozi yake kuyeyuka.

Hata hivyo si umeme peke yake unaojeruhi. Mashine ya kukatia chuma yenye diski ya milimita 125 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski kubwa ya milimita 230 imeandikwa juu yake kwamba isizidi mara 6,600 hivi. Lakini fundi mwenye haraka hukitoa kifuniko cha mashine ndogo, akafunga diski kubwa apate kukata ndani zaidi. Ukingo wake sasa wakimbia zaidi ya mita 130 kwa sekunde, nayo ilitengenezwa kwa mita 80. Ikipasuka, vipande vyake havimchagui fundi: vyaweza kumpata mpita njia, au mama anayeanika nguo. Kazi isiyowezekana kwa mashine ndogo yenye kifuniko chake, ifanywe kwa msumeno wa mkono, hata kama mteja anangoja mlangoni na kunung'unika.

Katika miji yetu umeme hukatika, kisha hurudi bila kubisha hodi. Ukatikapo, zimeni mashine na kuitoa fishi; la sivyo yaweza kuamka yenyewe mezani, mbele ya mtoto. Vilevile fishi itoke kila unapobadili diski au keekee. Miwani ivaliwe, glavu za kitambaa zisivaliwe mbele ya keekee inayozunguka, kwa kuwa huzinasa na kuusokota mkono. Vumbi la mbao nalo si la kudharauliwa: tangu mwaka 1995 wataalamu wa Shirika la Afya la Dunia wameliweka kati ya vitu viletavyo kansa.

Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pius XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, seremala aliyemfundisha kazi Mtoto aliyekabidhiwa. Baba anayempa mwanafunzi mashine yenye waya uliochunika, naye akijiwekea iliyo nzima, na ajipime mbele ya seremala huyo.

Mtu akinaswa na umeme, asiguswe. Kwanza umeme ukatwe. Na kama haiwezekani, asukumwe mbali na waya kwa mti mkavu, naye asukumaye asimame juu ya ubao mkavu. Akiwa hapumui, alazwe chali, akandamizwe kwa nguvu katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka, hali mwingine anatafuta gari. Naye akiinuka na kusema kwamba hana neno, apelekwe hospitalini vilevile, kwani umeme huunguza ndani ya mwili mahali ambapo ngozi yaonekana nzima.