Utafiti wa Mwanafunzi na Nafasi ya Uhandisi: Mfano wa Kariobangi

Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Je, mwanafunzi wa shule ya upili mtaani Kariobangi, jijini Nairobi, akichapisha utafiti wake jaridani, huvikwa pete hiyo anapowania nafasi ya kusomea uhandisi chuoni?

Nchini Kenya, jibu ni la. Shirika la KUCCPS, lililoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 na kuchukua nafasi ya JAB, huwagawia watahiniwa nafasi kwa kutegemea matokeo ya mtihani wa KCSE pamoja na kozi walizozichagua. Hutazamwa jumla ya alama za masomo saba, ambayo upeo wake ni 84, na alama za masomo manne ya kundi husika, ambazo upeo wake ni 48. Katika uhandisi, Hisabati, Fizikia na Kemia ndiyo mafiga ya kundi hilo. Utafiti hauna safu katika hesabu hizo.

Kwingineko mambo ni tofauti. Chuo cha MIT, Marekani, huwaruhusu waombaji kuwasilisha kazi zao za utafiti. Ushauri unaofaa huko hupotosha ukiletwa Kariobangi bila kuchujwa. Yapo majarida yanayowatoza waandishi ada. Mzazi anayechomelea vyuma katika karakana za jua kali aweza kutoa karo kulipia chapisho lisilomwongezea mwanawe hata alama moja.

Je, utaratibu huu unamdhulumu mtafiti mchanga? Kwa upande mmoja, ndiyo, kwa kuwa ubunifu wake haupimwi. Kwa upande mwingine, unamkinga. Utafiti wa kuchapishwa huhitaji maabara, mshauri na fedha, navyo hupatikana kwa wepesi zaidi katika shule za wenye nacho. Lau chapisho lingehesabiwa, pengo hilo lingepanuka.

Hata hivyo, utafiti si kazi bure. Karatasi ya tatu ya Fizikia katika KCSE ni ya vitendo: mtahiniwa hupima, hujaza jedwali na kuchora grafu. Aliyezoea kupima joto la jiko lililoundwa karakanani, au aliyeshiriki Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, haliogopi swali la aina hiyo.

Hivyo basi, mwalimu amhimize mwanafunzi kupima na kuandika, ila amweleze bayana kwamba pete ya uhandisi nchini bado huvishwa na gredi.